Dume Niliyemkataza Kulima

Kama juzi au jana umeambiwa kwamba mtoto wako ana saratani, haya ninayoyaandika ni yako. Mimi si daktari. Nina mashine ya kusaga pale Nyamuswa, na ninachokijua ni mahindi, mtama, mikanda ya mashine, na namna ya kubishana na kinamama wanaodai unga wao umepungua. Lakini kwa miezi saba nilikuwa baba wa mtoto mgonjwa, na katika miezi hiyo niliugua na mimi. Hakuna aliyeuona ugonjwa wangu mapema kwa sababu nilikuwa natembea, nafanya kazi na kuitikia salamu. Leo binti yangu yuko shuleni, mwaka wa pili tangu amalize dawa, na asubuhi hii tumegombana kuhusu soksi. Namshukuru Mungu kwa ugomvi huo.

Jina lake ni Nyakaho. Wakati huo alikuwa na miaka saba. Tunaishi Butiama, boma moja na kaka yangu Magori, ambaye ndiye anayetunza ng'ombe wetu sote wawili. Mke wangu, Nyanjura, kwao ni Kibara, upande wa ziwani, na mpaka leo anasema sisi watu wa ng'ombe samaki hatumpiki, tunamuadhibu. Siku za kazi nilikuwa nalala Nyamuswa, chumba cha nyuma ya mashine, na Jumamosi narudi nyumbani.

Mambo yalianza kiangazi, mtama ukiwa umeshaingia ndani. Jino la chini la Nyakaho lilikuwa linacheza. Mtoto wa miaka saba kucheza jino si habari ya kumwita mtu. Nilifunga uzi, nikamwambia atazame kuku wanavyopigana, nikavuta. Tukalirusha juu ya paa kama tulivyorushiwa sisi, akacheka na pengo lake. Wiki ya pili shavu likaanza kuvimba. Wiki ya tatu meno mengine mawili yakawa yanacheza, na wiki ya nne hakuweza kufunga mdomo vizuri. Udenda ulikuwa unamlowesha kifua na yeye anaufuta kwa aibu.

Zahanati walitupeleka Bunda, Bunda wakatupeleka Musoma, Musoma wakakata kinyama kidogo na kutuambia tungoje. Sitaki kukueleza kungoja kule. Wewe unakujua, au utakujua. Majibu yalipotoka tukapelekwa Mwanza, na huko daktari mmoja, mama wa sauti ya chini, akatukalisha na kusema ni saratani ya taya, inawapata watoto, na ina dawa. Alisema maneno mengi. Mimi nilisikia moja tu. Alipomaliza nikamuuliza, "Daktari, ni lile jino nililong'oa?"

"Hapana, baba. Jino lilicheza kwa sababu uvimbe ulikuwa tayari upo. Wewe hukumfanyia kitu."

Nilimshukuru, na sikumwamini. Kwa miezi mitatu kila nilipoona uzi, hata wa kushonea magunia, vidole viliniuma.

Dawa zilikuwa za mizunguko sita. Kila mzunguko tulilala Mwanza, halafu tunarudi Mara, na katikati yake tunampeleka Nyakaho Musoma kupimwa damu, kuona kama mwili umepata nguvu ya kupokea dawa nyingine. Kwa hiyo Nyanjura na mtoto wakahamia Buhare kwa shemeji yangu, mdogo wake Nyanjura, nyumba ya vyumba viwili na watoto wanne. Hakuna siku shemeji yule alituonyesha kwamba tunambana. Alikuwa anatandika mkeka wake jikoni na kusema kule ndiko kuna hewa nzuri.

Mzunguko wa kwanza ulinishangaza. Siku ya tano uvimbe ulikuwa umepungua mpaka mtoto akafunga mdomo, akaomba ugali. Nilitakiwa nifurahi, na nilifurahi kwa muda wa kama saa moja. Kisha nywele zikaanza kubaki kwenye mto. Vidonda vikatokea mdomoni, hata uji ukawa unamchoma. Alikuwa mtoto mnene kidogo, mwenye mashavu, na sasa nikimnyanyua nilikuwa namnyanyua kwa nguvu nyingi kuliko uzito wake, nusura nimrushe.

Hapo ndipo nilipoanza kukimbia. Sikukimbia nyumbani kama wanaume wengine ninaowasikia. Mimi nilikimbilia vikazi. Wodini nikikaa dakika kumi, nasimama. Naenda kununua maji. Naenda kuchaji simu. Naenda kuuliza kama kuna karatasi ya kusaini. Siku moja nilileta maji mara nne, na Nyanjura akayapanga yale machupa chini ya kitanda, akaniangalia.

"Baba Nyakaho, tunataka kuogelea?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Ukweli ni kwamba sikuweza kumtazama mtoto usoni. Nikimtazama, namwona amelala kwa namna nyingine, na watu wamekaa chini uani.

Kwetu mwanamume akishatahiriwa anaambiwa machozi yamebaki kule kule jandoni. Mimi yangu yalinifuata mpaka Nyamuswa. Mashine ikinguruma hakuna anayekusikia, kwa hiyo nilikuwa nawasha mashine, namimina mahindi ya watu, na kulia huku nimeshika gunia. Nilidhani nina akili sana. Siku moja bibi mmoja, mteja wa siku nyingi, akanitazama akasema, "Mwanangu, unga umekukandika usoni." Nikajipangusa. Kweli, ulikuwa umekuwa ugali. Yule bibi alichukua ndoo yake, akaniachia kanga ya begani nijifutie, na wiki ile nzima hakuja kuidai.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Baada ya mzunguko wa pili damu yake ilishuka sana, homa ikapanda, akalazwa Musoma. Muuguzi mmoja aliyekuwa zamu alisema, "Tunafanya yote, na nyie ombeni." Nadhani huwa anawaambia hivyo wote, hata wa malaria. Mimi nilitoka pale nikapanda gari mpaka Butiama, nikaenda zizini moja kwa moja. Kulikuwa na dume wetu mchanga, mwekundu, mwenye baka jeupe ubavuni, mzuri, na Magori alikuwa anajiandaa kumhasi amfundishe plau. Nikamwambia kaka, "Huyu asiguswe."

"Wa nini?"

"Ana kazi yake."

Magori hakuendelea kuuliza. Kwetu mnyama akishatengwa kwa shughuli hafungwi nira wala hauzwi mpaka shughuli yake ipite. Wengine hutengewa harusi, wengine jando. Na msiba una ng'ombe wake pia, kwa sababu watu wanaokuja kulia na wewe lazima wale. Lakini ng'ombe wa msiba hutafutwa msiba ukishafika. Sijawahi kusikia mtu aliyemtenga mapema, mtoto akiwa bado anapumua na kuuliza baba yuko wapi. Mimi nilifanya hivyo. Nilijiambia ni kujipanga, kwamba baba mwenye busara hashtukizwi. Baada ya hapo nilipata usingizi siku mbili, nikadhani nimepata dawa.

Homa ilishuka. Nyakaho akapona vidonda, akaanza kunenepa kidogo. Mimi sikumtengua yule dume. Niliona nikimtengua, nitakuwa nimemwita Mungu anitazame. Hivyo ndivyo akili inavyokuwa, ndugu yangu. Usijishangae ukiiona yako inafanya vituko.

Nyumbani nako watu wa jumuiya yetu ya kanisani walikuwa wanakuja kutuona. Nawashukuru, walileta kuni, walileta maziwa, walisali rozari nzima wamepiga magoti kwenye vumbi. Lakini walikuwa wanakaa kwenye mikeka na kuongea kwa sauti ya chini, kama watu waliokuja kwenye matanga, na mimi nilikuwa nawahesabia sahani kichwani. Vuli ilianza, majirani wakapanda. Nyanjura naye akija nyumbani siku mbili tatu alipanda mahindi yake, ila kile kipande cha nyuma ya jiko, ambacho kila mwaka hupanda viazi vitamu, alikiacha na majani yake. Nilidhani amechoka.

Magori alikuwa na dume mmoja mzee wa kulimia na mwenzake aliyekuwa mgonjwa wa mguu. Alihitaji yule mwekundu. Alinivumilia mpaka vuli ikawa inamwacha nyuma, ndipo akaniita pembeni ya zizi.

"Wambura mdogo wangu, kila siku namkatiaga huyu majani. Nimeshajua ni wa nini. Wewe unalisha msiba."

Nilitaka kumpiga. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika, na yeye ni mkubwa wangu. Alinisikiliza mpaka maneno yakaniishia, akachukua panga lake akaenda kukata majani. Kwa wiki mbili tulikuwa tunapishana uani kama wapangaji.

Baada ya mzunguko wa tatu damu ilikuwa nzuri, wakaturuhusu kumleta Nyakaho Butiama Jumapili moja. Kondakta wa gari la Musoma, kijana mwenye mdomo mchafu kuliko wote stendi, alimpa kiti cha dirishani na kumfukuza mtu aliyekuwa anakohoa. Nyumbani mtoto akaenda zizini na kofia yake ya sufi, akapanda ukuta wa mawe, akawakagua ng'ombe.

"Baba mkubwa, huyu mwekundu mbona hana alama ya nira shingoni?"

Magori akasema, "Muulize baba yako."

Akanigeukia. Nikasema kitu cha kwanza kilichonijia, "Ni wako."

"Wangu mimi?"

"Wako."

Akakunja uso, akamtazama dume kuanzia pembe mpaka mkia. "Sasa mbona halimi? Mimi sitaki ng'ombe mvivu. Anakulaga tu anakaa. Huyu ni bosi." Na jina likabaki hapo hapo. Kuanzia siku ile kila nikipiga simu Buhare, mtoto hakuniuliza habari zangu. Aliuliza kama Bosi ameanza kazi. Nami najibu bado, mwanangu, bado, na kila bado ilikuwa inanikata. Nilikuwa na binti aliyekuwa anapanga kazi za msimu ujao, na mimi nilikuwa nimeshamaliza msimu wake.

Aliyeniokoa alikuwa muuguzi wa Musoma, mama wa makamo aliyekuwa anatoa damu za watoto. Simtaji jina. Ilikuwa kabla ya mzunguko wa tano. Tulikaa kwenye benchi la ukutani, lile lenye mguu uliofungwa kwa waya, na Nyakaho alikuwa bombani anacheza na mtoto mwingine. Muuguzi akaja na kadi yetu, akamsifu mtoto, akamuuliza Nyanjura kama anakula, kisha akanitazama.

"Na baba, analalaga?"

"Analala vizuri, sista. Homa hana, na jana alikula mayai mawili."

"Sijauliza mtoto."

Miezi mitano hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nilitaka kusema nalala. Nikajisikia nasema, "Nimemtengea ng'ombe."

"Wa nini?"

"Wa kumzikia."

Nyanjura alikuwa anafungua chupa ya chai. Mkono wake ulisimama kwenye kifuniko. Nilingoja anipige, au ainuke aende. Muuguzi hakupaza sauti wala kuniambia niwe na imani. Alivuta kiti akakaa.

"Hapa tunawaonaga wengi," akasema. "Kuna mama alikataa kumnunulia mtoto viatu, anasema atavivaa lini. Nyie si wa kwanza. Lakini baba, mtoto atakuja hapa sasa hivi awaombe chai. Anawaomba chai, nyie mnamuaga. Mnadhani haoni?"

Nililia. Nililia kwenye benchi, mchana, watu wakipita na kadi zao, bila mashine ya kunifunika. Nyanjura akanishika goti. Nilipomaliza, muuguzi akaniambia mambo mawili. Kila siku ya kliniki niende kuongea na mwenzake anayeshughulika na wazazi, chumba cha mwisho kulia. Na mzunguko ujao nilale wodini mimi, mama apumzike. "Huwezi kumwogopa mtoto unayemsafisha kinywa," akasema. Kisha Nyakaho akaja, mikono inachuruzika maji, akaomba chai.

Tukiwa njiani kurudi Buhare, mtoto akiwa mgongoni kwangu amesinzia, Nyanjura alisema bila kunitazama, "Umeona pale nyuma ya jiko sijapanda viazi?"

"Nilidhani umechoka."

"Sijachoka. Nilikuwa nimepaacha."

Kwetu tunazika nyumbani. Sikuhitaji aeleze. Mimi nilikuwa nimetenga ng'ombe na yeye ametenga ardhi, kila mmoja anamficha mwenzake, na wote wawili tumembeba mtoto mmoja. Tulisimama pale barabarani. Nilimwambia pole, akaniambia pole. Mpaka leo nadhani hatujawahi kuoana vizuri kuliko siku ile.

Mzunguko wa tano nilikwenda mimi. Nilimsukutua Nyakaho kwa maji ya chumvi, nilishika ndoo akitapika, nilimkumbatia akiwa amejikunja kwa sindano ya mgongo huku anahesabu kwa sauti, na akifika kumi anaanza upya. Siku ya kwanza miguu ilinitoa mlangoni mara mbili, nikairudisha. Siku ya tatu nilikuwa najua upande gani wa mdomo hauumi, na kwamba uji anautaka wa vuguvugu wenye limau. Kinamama wa wodini walinicheka jinsi ninavyofunga kanga ya kumfunika, kisha wakanifundisha. Nilimtazama usoni. Nyusi zake zilikuwa zimedondoka zote, na alikuwa ananitazama mimi pia, muda mrefu, akasema, "Baba, siku hizi huendi kununua maji."

Alikuwa anaona. Muuguzi alisema kweli.

Jioni ile nilimpigia Magori. Wiki zile tulikuwa bado tunasalimiana kwa shida. Nikasema, "Kaka, nisamehe. Mfundishe yule dume."

Akauliza, "Mwenye ng'ombe amesemaje?"

"Nyakaho hajaacha kuuliza. Anataka Bosi aanze kazi."

"Basi kwanza tumhasi Bosi," akasema, "halafu tutamfundisha heshima." Nikamsikia anapenga kamasi upande wa pili, naye ni mtu aliyetahiriwa.

Sitakudanganya kwamba hofu iliisha. Nilikwenda kile chumba cha mwisho kulia siku zote za kliniki, hata baada ya mzunguko wa sita, na mara nyingine nilikaa tu nikazungumzia mikanda ya mashine. Mpaka leo siku ya kupima naamka kabla ya jogoo na kuhesabu nauli mara tatu. Lakini hofu sasa inakaa kwenye kiti chake, na mimi nakaa kwenye changu. Ukiniuliza nikuambie nini, nitakuambia utafute mtu wa kukuuliza kama unalala, na ukishampata, usimjibu habari za mtoto.

Mzunguko wa sita uliisha Januari. Mwisho wa Februari mvua za kwanza za masika zilinyesha Butiama, udongo ukalainika, na Magori akatoa plau. Kwetu mtoto ndiye anayetangulia mbele ya ng'ombe na kamba, mkubwa anashika plau nyuma. Nyakaho alikataa katakata mtu mwingine kushika kamba. Nywele zilikuwa zimeanza kumrudia, laini kama za kifaranga, na kofia alikuwa ameivua mwenyewe. Bosi alifungwa nira moja na yule dume mzee. Mfereji wa kwanza alikwenda kombo, wa pili akalala katikati ya shamba, na binti yangu akasimama mbele yake, mikono kiunoni, akamsema mpaka majirani wakaja kuangalia. Bosi akainuka.

Mimi nilikuwa nimeshika plau. Magori alitembea pembeni na fimbo. Tulipofika mwisho wa mahindi ya mwaka jana, pale tunapogeuzia siku zote, Magori akainua fimbo ili tugeuze. Nyanjura alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na kapu la mbegu za viazi.

"Endeleeni," akasema.

"Mpaka wapi, shemeji?"

"Mpaka ukutani."

Magori alinitazama. Nikakandamiza plau. Yale majani ya nyuma ya jiko yalikuwa marefu, mizizi inakatika kwa sauti, na udongo wa chini ulikuwa mweusi, mzuri, haujaguswa tangu mwaka jana. Nyakaho alipita juu yake wa kwanza, miguu mitupu, akivuta kamba na kumwita Bosi kwa jina. Ng'ombe wakapita. Mimi nikapita nyuma yao, machozi yananitoka na sina mkono wa kuyafuta. Mbele yangu mtoto alinyoosha mkono akagusa ukuta wa jiko, akageuka kunitazama.

"Baba, tumefika. Nigeuze?"

Nikamwambia, "Geuza, mwanangu, bado kuna kazi."